Nimeendesha McLaren P1 na soksi yenye tundu, hapa Kilimani

Nimeendesha McLaren P1 nikiwa na soksi, na ile ya kulia ilikuwa na tundu hapo kwa kidole gumba. Hakuna mtu alikuwa ameniambia viatu vinabaki mlangoni. Kwa hivyo nyinyi wenye mnapanga kuenda, vaeni soksi nzima, hiyo ndio ya kwanza.

Ya pili, tulieni, sio P1 yenyewe, ile haibridi ya Waingereza yenye kasi ya ajabu. Ni simyuleta. Kuna duka moja liko ghorofa ya tatu kwa jengo fulani Kilimani, nje kidogo ya Ngong Road, jina sitataja kwa sababu kuna mambo nitalalamika hapa chini na sitaki maneno na mtu. Wameweka mitambo minne, kila mmoja una kiti cha gari ya mbio kimefungwa kwa fremu ya chuma, skrini tatu zinakuzunguka, steringi yenye mota yake ndani na pedali za chuma ngumu kama za lori. Nusu saa ni thao moja na soo tano, saa nzima thao mbili na nusu, M-Pesa peke yake. Kijana wa hapo akaniita mzee. Mimi niko na miaka 39.

Mpwa wangu ndiye alinivuta. Alikuwa anafikisha miaka 17 na akasema hataki keki, anataka nimpeleke akaendeshe "gari ya maana", na vile alisema hiyo "maana" akaiangalia Toyota Aqua yangu ikiwa imepaki hapo nje. Makosa ni yangu, mimi ndio nilimpeleka Kasarani mwezi wa sita 2022 kuona Safari Rally, na ndio huo mwaka gari za juu za mashindano ya dunia zilianza kuwa haibridi, injini ya tabo (ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) na mota ya umeme ya kilowati 100 juu yake, jumla nguvu ya farasi zaidi ya 500. Toyota Yaris zikachukua nafasi nne za kwanza. Lakini chenye kilimmaliza huyu kijana sio matokeo, ni gari moja ilipita karibu na sisi polepole bila sauti, kimya kabisa, kokoto tu ndio unasikia chini ya tairi, halafu kidogo hivi injini ikawaka watu wakaruka. Huo mfumo walishautoa kwa mashindano tangu 2025 ila kwa kichwa ya huyu haujawahi kutoka.

Sasa nielezee Aqua kwa sababu bila hiyo hamtaelewa vile nimeona haya mambo. Ni ya 2013, injini 1.5, ukijumlisha na mota unapata farasi 100, betri iko chini ya kiti cha nyuma na haifiki hata kilowati-saa moja. Mpwa anaiita friji. Mimi nimekaa nayo miaka sita na nimejifunza kuiendesha kama mtu wa chama: kila nikikanyaga breki naona ile mishale kwa skrini inarudi kwa betri, na mimi nafurahi kama nimeweka akiba. Jam ya Ngong Road yenye inaua watu wa magari mengine mimi naipita na injini imezima. Kwa hivyo nilikaa kwa hicho kiti nikijiambia haibridi naijua, hawa watanifundisha nini.

Tukaanza na P1, barabara ni Nordschleife, ile ya zamani ya Nürburgring kule Ujerumani, karibu kilomita 21 kwa raundi moja, kona zaidi ya 70, inapanda na kushuka msituni kama njia ya kuenda Kinale. Kwa skrini unajiona umekaa kushoto. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kutafuta gia hewani, hakuna, gia ni vibawa viwili nyuma ya steringi. Nikanyoosha gari, nikakanyaga mafuta vile hukanyaga nikitaka kuingia Waiyaki Way mbele ya lori ya mchanga, yaani mpaka chini, na nikaona Ujerumani yote ikizunguka. Miti, ukuta, miti, ukuta. Mpwa alicheka mpaka akaketi chini.

Mara ya pili nikaenda na adabu. Na hapa ndio nilianza kuelewa hiyo gari. P1 iko na V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 3.8 yenye tabo mbili, hiyo peke yake ni farasi 737, halafu mota ya umeme inaongeza 179, jumla 916, zote zinaenda kwa tairi za nyuma. Mwenye amewahi kuendesha Subaru ya tabo kubwa anajua ile tabia, unakanyaga, hakuna kitu, unangoja, halafu yote inakuja mara moja kama mvua ya Aprili. P1 haina hiyo ya kungoja. Tabo ikiwa bado inavuta pumzi mota inashika kazi, na tabo ikiamka unapokezwa bila kuhisi mahali moja iliishia ingine ikaanza. Hata ukipandisha gia, mota inageuka inavuta injini chini haraka ndio gia iingie safi. Niligundua hii kwa kona za polepole, ile kona ya duara ya zege yenye gari inaingia kama kwa sufuria, unatoka ukikanyaga kidogo tu na gari inaitikia saa hiyo hiyo, hata kabla mguu haujamaliza kusema. Kwa Aqua mota iko kusaidia injini ipumzike. Kwa hii mota iko kuhakikisha hakuna sekunde hata moja yenye unangoja.

Halafu kitu kikanishangaza. Nilikuwa naangalia kimita cha betri nikifunga breki, nangojea kipande juu, mazoea ya chama, na hakipandi. Nikafikiri mtambo umeharibika nikamuita kijana. Akaniambia hapana mzee, hiyo haichaji na breki. Na nimekuja kujua ni ukweli, McLaren walikataa hiyo kitu kwa makusudi, walitaka mguu usikie breki yenyewe bila mota kuingilia katikati, kwa hivyo betri yake ya kilowati-saa 4.7 inajazwa na injini ama unaichomeka kwa stima. Mwenye Aqua hapa ananielewa mbio sana. Si mnajua ile breki yetu, inashika polepole polepole halafu mwisho kabisa inashika ghafla na abiria wote wanasalimia dashibodi? Hapo ni mota inaachilia na breki za kawaida zinachukua. Kwa kilomita 20 kwa saa ni kichekesho. Kwa 280 ukiingia kona usioona upande wa pili, hicho kichekesho ni matanga. Nikaacha kuwalaumu.

Breki za huo mtambo pia nizitaje, ni nzuri lakini zinachosha. Hazisomi mguu umeenda mbali kiasi gani, zinasoma umesukuma na nguvu gani, kwa hivyo dakika kumi za kwanza unafikiri pedali imekwama. Paja liliniuma siku mbili. Na mtambo wa kwanza wenye nilipewa, skurubu ya pedali ilikuwa imelegea, kila nikifunga breki pedali yote inasogea mbele na mimi nafuata, nikahamishwa kwa mwingine na dakika zangu hazikurudishwa mpaka nikapiga kelele kidogo. Hiyo ni lalamiko namba moja.

Baada ya P1 nikahamia Porsche 918 Spyder na hapo ndipo nilikaa sana, kama ningekuwa na uwezo ningekuwa bado niko huko. Hii ni haibridi ya watu wa Aqua. V8 ya lita 4.6 bila tabo, 608, mota moja mbele mota moja nyuma, jumla 887, na ukifunga breki inarudisha kwa betri kama kawaida, nikaona kimita kinapanda nikahisi niko nyumbani. Kwa vile mbele pia inavuta, ukitoka kona na makosa yako gari inakusamehe. P1 ni kama mwalimu wa hesabu wa zamani, 918 ni kama shosho, inakuambia umekosea lakini inakupa chai. Iko na swichi ndogo kwa steringi ya kuchagua, kuna ya umeme peke yake, nikajaribu kuzunguka kwa umeme tu msituni, maze, gari ya kiwango hiyo ikitembea bila sauti ni kitu inakufanya utabasamu peke yako. Ile ya kweli inaenda kama kilomita 30 hivyo, P1 kama 10, yaani 918 naweza kutoka nayo Kilimani niende tao, nirudi, niende tena, na jirani asijue.

Mwezi wa tisa 2013 Marc Lieb, dereva wa mbio wa Porsche, alizunguka Nordschleife na 918 kwa dakika 6 sekunde 57, na Porsche wakasema ni gari ya kwanza ya barabarani iliyoidhinishwa dunia nzima kushuka chini ya dakika 7. Mimi nilimaliza kwa dakika 9 sekunde 41 na nilikuwa nimegonga mara tatu. Ndio muone hiyo 6:57 ni nini, ichukueni hivi, Expressway kutoka Mlolongo mpaka Westlands ni kilomita 27, imenyooka, haina ng'ombe, na ukifuata ile 80 yao inakuchukua dakika 20. Huyo jamaa alienda karibu 178 kwa saa kwa wastani, wastani nasema, kwa barabara yenye kona kila unapopumua. Mpwa alipata 8:26 na akanikumbusha mpaka leo.

LaFerrari sitasema mingi. Nilikaa ndani kama dakika saba. Ndio yenye sauti kuliko zote, V12 ya lita 6.3, farasi 963 ukiweka na umeme, na haina mambo ya kutembea kwa betri peke yake, Ferrari hawakuona haja ya kunyamaza. Kitu kimoja kilinifurahisha: kijana alipokuwa ananiwekea mtambo hakusogeza kiti, alisogeza pedali na steringi zinifuate, nikamuuliza mbona hivyo akasema kiti kimechomelewa. Kumbe LaFerrari yenyewe ndivyo ilivyo, kiti hakisogei, ni sehemu ya mwili wa gari, pedali ndio zinakuja kwako. Fundi wa kuchomelea Kilimani na wahandisi wa Ferrari kule Maranello wamefika mahali pamoja bila kujuana. Nilitoka nje kwa kona ya pili. Nikarudi. Nikatoka kwa ya tano.

Na hapo, raundi yenye naanza kuielewa, stima ikapotea.

Giza. Skrini zote nyeusi, steringi ikalegea mikononi kama kuku amekufa. Jenereta ya jengo iliwaka kama baada ya nusu dakika, taa zikarudi, lakini kompyuta zilikuwa zimezima zote na kuziwasha tena zikatafuta programu, zikatafuta steringi, ilichukua dakika kumi na moja nikihesabu. Muda wangu mzuri wa raundi ukapotea nao. Jameni, mnauza gari zenye betri zinaweza kusukuma tani moja na nusu kwa kilomita kumi na hamna kabetri ka kushikilia kompyuta nusu dakika? Gari ni haibridi, duka siyo. Walitupa dakika kumi za bure na soda, nikanyamaza, lakini hiyo ndio lalamiko namba mbili na ndio kubwa.

Mpwa alivaa ile miwani ya kuziba macho yote akaipenda. Mimi nilivaa kwa dakika tatu, gari ikaruka kwa tuta, macho yakasema tumeruka na tumbo ikasema hatujaenda mahali, nikaivua nikaomba maji. Kama wewe hutapika kwa matatu ya Narok, kaa na skrini tatu.

Sasa swali lenye watu wananiuliza, je unajua kuendesha hiyo gari ni aje? Mikono inajua. Mguu unajua. Mwili haujui kitu. P1 inafika 100 kwa sekunde 2.8 na 300 kwa 16 na nusu, hiyo ni kitu ya kukubandika kwa kiti mpaka mashavu yanarudi nyuma, na mimi nikiwa 280 nilikuwa nasikia harufu ya chipsi kutoka hoteli ya chini nikifikiria kama niagize kuku robo. Chini ya kiti wameweka kitu kinatetemeka ukipanda ukingo wa barabara, kinasaidia kidogo, lakini hofu hakuna. Ukigonga unabonyeza kitufe. Nimewahi kushuka Mai Mahiu na mvua, nyuma yangu lori inapiga honi ndefu, kwa friji ya farasi 100, na niliogopa zaidi ya vile niliogopa na farasi 963.

Na kuna kitu ingine yenye hakuna skrini itakuonyesha. Ile barabara ya Ujerumani mahali pa juu kabisa ni kama mita 600. Sisi tunaishi karibu 1,800. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 hivi unapopanda. Maanake V8 ya 918 ikiletwa hapa Nairobi inaacha farasi kama 100 njiani kabla hata haijatoka kwa geti. P1 ingejitetea na tabo zake, zingezunguka mbio zaidi kujaza hewa. Lakini mota? Mota haipumui. Mota ya umeme Mombasa na mota ya umeme Limuru ni ile ile. Mimi hii kitu naijua kwa mwili, nikipanda kutoka Mai Mahiu na watu wanne ndani Aqua inapanda kama mtoto wa shule mpaka betri inaisha katikati ya mlima, na hapo injini inabaki peke yake na hewa ya mlimani, na inalia, inalia kabisa, na mpwa anasema anko friji inavuja. Kwa hivyo nikiona hizo haipakaa, yaani hizo gari za kasi kupita kiasi, naona kama huku kwetu juu ndiko umeme ungefanya kazi ya maana kuliko hata kwao.

Lakini hazitakuja. Weka pesa kando, 918 na LaFerrari zilitengenezwa za steringi ya kushoto peke yake na hapa gari ya kushoto raia wa kawaida hasajiliwi, na ya kuagiza iliyotumika isipite miaka minane, hizo ni za kati ya 2013 na 2016 hivi. Zimezeeka kisheria kuliko Probox. Na hata zikipita hapo, P1 ukiiweka ile hali ya mbio inashuka chini milimita 50 zaidi, na mtaani kwetu kuna tuta mwenye nyumba alijimwagia mwenyewe na mchanga wa jirani, Aqua inalipita kwa kona na dua.

Mkienda, nendeni siku ya kazi asubuhi, wikendi kuna foleni ya vijana na hawana huruma, wanasimama nyuma yako wanatoa ushauri. Ombeni mtambo wa dirishani, ndio wenye pedali haicheki. Anza na 918, usianze na P1 kama mimi kwa sababu ya jina. Nusu saa haitoshi, dakika kumi za kwanza ni za kugonga tu, lipa saa moja mgawane wawili. Duka halina Mercedes-AMG One na hiyo ndio nilitaka sana, ile yenye injini ya Formula 1, 1.6 tu, karibu ukubwa wa ile ya Probox ya kubeba miraa, na inatoa na mota zake nne farasi 1,063. Kijana alisema wataiweka. Nitarudi siku wakiiweka na wakinunua betri ya kompyuta. Kwa sasa nawapa saba kwa kumi, mpwa anasema tisa lakini yeye hakulipa.

Kupaki hapo chini nilitozwa soo mbili kwa saa mbili, hiyo ni bei ya wizi. Tukatoka saa kumi na moja jioni, jam ya Ngong Road imeshafunga kutoka Prestige mpaka Adams, mimi nimezima redio kichwa bado iko kona ya zege. Injini ikajizima, tukawa tunajongea kwa betri. Mpwa akanyamaza muda mrefu, macho yako kwa ile skrini ya mishale yenye hajawahi kuiangalia tangu azaliwe. Gari ya mbele ikawasha taa nyekundu.

"Anko, shika breki mapema. Sasa. Tuchaji."